Ununue Nini Kulinda Rangi za Chuma cha Bunduki ya Kizamani

Wenye bunduki za mtindo wa zamani hapa Uganda, awe na nakala ya Winchester 1873 iliyotengenezwa na Uberti wa Italia au bunduki ya marisau ya Kiingereza aliyoachiwa na babu, huuliza jambo lilelile: sehemu ile yenye rangi za mawingumawingu ipakwe nini isichuje? Nunua nta. Mafuta yana kazi yake, ila yanakuja nyuma.

Rangi hizo za buluu, kahawia na kijivu hazikupakwa kwa brashi. Kwa njia ya asili, fundi huzika chuma katika makaa ya mifupa na ya mti, hukipasha moto mkali, kisha hukitumbukiza ghafla kwenye maji yaliyopulizwa hewa. Kaboni huugumisha uso wa chuma, na juu yake hubaki utando mwembamba mno wa oksidi, ambao ndio unaoonyesha rangi. Ugumu utakaa miaka yote, lakini utando hauvumilii. Kusugua huuondoa, jua huufifisha, na dawa zenye asidi au amonia huula. Nasi Kampala tuko karibu na ikweta, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua la dirishani si la kubeza. Ukanda wa ziwa, Entebbe hadi Jinja, huongezea unyevu unaoleta kutu.

Nafasi ya kwanza naipa nta iitwayo Renaissance Wax. Ilibuniwa na watu wa British Museum miaka ya 1950 kwa ajili ya vitu vya makumbusho, kwa sababu nta za asili kama ya nyuki na ya karnauba zina asidi, au huizalisha zinapozeeka. Hii imetengenezwa kwa nta za petroli zenye fuwele ndogo sana. Hukauka haraka, haishiki vumbi, na alama za vidole hazibaki. Kasoro yake ni bei, tena huenda ukalazimika kuiagiza nje. Lakini kopo dogo hukaa miaka, maana unachokihitaji kila mara ni kiasi cha punje ya mahindi.

Ya pili ni nta ya gari, ile ngumu ya koponi. Wauza vifaa vya magari eneo la Kisekka wanayo, na hata vituo vikubwa vya mafuta. Soma kopo kwa makini: likisema inaondoa mikwaruzo au inasafisha rangi iliyopauka, ndani mna chembe za kusaga, iache. Unataka nta tupu. Hoja ya asidi bado ipo, lakini kwa bunduki inayofutwa na kupakwa upya mara kwa mara sioni sababu ya kukosa usingizi.

Namna ya kupaka ni ileile kwa zote mbili. Hakikisha chemba na magazini ni tupu, kisha uangalie tena. Futa vumbi kwa flana laini bila kukandamiza, maana vumbi letu jekundu ni mchanga na husaga. Jaribu kwanza pasipoonekana, kwa kuwa bunduki nyingine hutoka kiwandani na vanishi juu ya rangi. Paka utando mwembamba, uache ukauke, ufute taratibu. Nta isiingie ndani ya mtutu wala kwenye chemba.

Mafuta mepesi ya bunduki, au ya cherehani kama hayo hayapatikani, ni ya tatu. Ni rahisi na huzuia kutu vizuri, lakini hutiririka, hukusanya vumbi, na yanataka kurudiwa kila baada ya kushika bunduki kwa mikono yenye jasho. Vaselini naiweka ya nne, kwa bunduki inayolala kabatini tu. WD-40 iliundwa mwaka 1953 kufukuza maji; ukinyeshewa msituni ni msaada, ila kinga yake haikai. Ipulize, ifute, upake kitu kingine.

Mafuta ya kupikia na ya mti wa shea kutoka Gulu na Lira, mazuri kama yalivyo kwa ngozi, yaache. Mafuta ya mimea hugandamana na kunata.

Brasso usiiguse kabisa, wala steelwool, siki au dawa ya kuondoa kutu. Na usimpelekee fundi wa kung'arisha vyuma, hata awe hodari wa Katwe: atakurudishia kitu kinachometameta kama sufuria jipya, na rangi zimekwenda. Isitoshe, Sheria ya Silaha ya 1970 hairuhusu kuiacha bunduki mikononi mwa mtu asiye na kibali.

Pesa ikibaki, nunua pakiti za silika za kunyonya unyevu uziweke ndani ya kabati la chuma. Bunduki usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi: ngozi hushika unyevu, na kemikali zilizotumika kuilainisha huanzisha kutu mahali chuma kinapoigusa. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, pakiti hizo hujaa upesi. Zile zenye punje za rangi ya chungwa hubadilika rangi zinaposhiba, nawe huzikausha kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi na kuzirudisha kabatini.