Lewiston, Maine: nyota nne kati ya tano

Kwa wanaouliza kuhusu kuhamia Lewiston, kule jimbo la Maine, Marekani, na watoto, mi naupa nyota nne bila kusita. Ni mji mdogo, sensa ya 2020 ilihesabu watu elfu 37 na kidogo, uko kando ya mto Androscoggin wenye maporomoko yaliyokuwa yakiendesha viwanda vya nguo enzi zile, ukivuka daraja tu ushafika Auburn, na Portland, jiji kubwa la Maine, haiko mbali ukiwa na gari.

Kilichonivutia zaidi ni watu. Zamani walikuja Wafaransa wa Kanada kufanya kazi viwandani, halafu kuanzia 2001 Wasomali wakaanza kuhamia kwa wingi, wakafuatwa na Wakongo na wengine, na leo ukipita Lisbon Street unakuta maduka ya nyama halali na watu wanasalimiana kabisa!

Shule nazo jamani... Lewiston High School ilichukua ubingwa wa soka wa jimbo 2015, timu imejaa watoto wa wahamiaji, yaani hapo ndo unaona mtoto mgeni anapata nafasi ya kweli. Bates College ipo hapohapo mjini tangu 1855, ilipokea wanawake toka mwanzo na waanzilishi wake walipinga utumwa, ila ada yake ni kubwa kwa hiyo ulizeni misaada mapema. Wanaotaka nafuu kuna Central Maine Community College hapo Auburn.

Nyota moja nimeikata kwa baridi, theluji ni ya miezi, na bila gari utateseka.