Fundi friji ndani ya Oxygen Not Included: joto limepotelea wapi?

Mimi ni fundi friji. Miaka kumi na sita nimekula kwa jambo moja: kimiminika kikichemka hunyonya joto, na mvuke wake ukirudi kuwa kimiminika hulitapika. Friji ni hiyo tu. Kompresa, koili na gesi ni wapambe. Kwa hiyo niliponunua Oxygen Not Included, mchezo wa Klei Entertainment uliotoka rasmi mwaka 2019, nilijua nimekuja kuvuna. Unachimba makazi ndani ya mwamba unaoelea angani, unawatafutia wakazi wako hewa, maji na chakula, na adui yao mkubwa si zimwi wala jeshi, ni joto linalopanda kidogo kidogo kila siku. Nikasema, hapa wamenipatia.

Wapi! Nimechezea vichapo kama saa mia nne hivi, na karibu vyote vilitokana na kujua sana.

Kipigo cha kwanza ni barafu. Shamba langu la Mealwood lilikuwa limefika nyuzi 34, na mmea huo ukivuka 30 haukui tena. Nikawatuma wakazi eneo la baridi, wakaleta barafu tani na tani, nikaipanga shambani. Kichwani nilishapiga hesabu: kilo moja ya barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ikipashwa hadi iwe maji ya nyuzi 20, hunyonya kilojuli zipatazo 460. Kati ya hizo, 334 ni za kuyeyuka peke yake, joto lililojificha ambalo kipimajoto hakilioni. Ndilo linalofanya barafu iwe barafu.

Barafu ikayeyuka upesi, shamba likabaki joto vilevile, na sasa lina dimbwi.

Mchezo huu hauna joto lililojificha. Barafu ikifika kiwango chake inageuka maji bila kudai chochote. Zile 334 hazipo, kwa hiyo kilo ileile ilininyonyea kama 125 tu, robo ya nilichotegemea. Kuchemsha ndiko kunakochekesha zaidi. Kilo ya maji ya nyuzi 20 inahitaji kilojuli 334 hivi kufika 100, kisha nyingine 2,257 ili iwe mvuke. Humu unalipa zile za mwanzo, basi. Maji yakimwagika kwenye mwamba wa moto yanakuwa mvuke kabla hujasogeza kidole, na mwamba wenyewe haujapoa kihivyo. Mvuke wa chemchemi unaotoka ukiwa na nyuzi 110, nao ukipungukiwa nyuzi kumi na nne tu unadondoka maji bila kukurudishia moto wowote. Mara ya kwanza kuona hivyo nilikaa nasubiri ule moto uje. Haukuja.

Kilichopo badala yake ni ngazi ndogo ya nyuzi tatu. Maji yameandikiwa kuchemka nyuzi 99.35, ila hayageuki mpaka yapite 102, na mvuke hauwi maji mpaka ushuke chini ya 97. Hili nalisifu bila kinyongo. Ni sawa na nafasi tunayoacha kwenye thermostati ili kompresa isiwake na kuzima kila dakika.

Lakini kuna mahali ambapo kugeuka hali kunauma kweli, nako ni ndani ya bomba. Mashine ya kupoza, Aquatuner, hushusha kimiminika chochote nyuzi 14 kila kinapopita. Hata kikiingia tayari kikiwa baridi, 14 ni 14. Nilizungusha maji safi kwenye mabweni, nikaenda kushughulikia choo kilichofurika, niliporudi maji yalikuwa yanaingia kwenye mashine na nyuzi 9. Toa 14. Bomba likapasuka, likarekebishwa, likapasuka tena, na mkazi mmoja akawa haendi hata kulala kwa ajili ya ukarabati. Kosa ni langu: sikuweka kihisi joto cha kusimamisha mashine. Siku hizi nazungusha maji machafu, ambayo hayagandi hadi nyuzi 20 na ushee chini ya sifuri. Upo pia mwanya ambao wazoefu wanaupenda: bomba hubeba kilo 10, na kipande cha chini ya kilo 1 hakigandi wala hakichemki humo ndani hata ukifanyeje. Kwa fundi hilo ni kama kuambiwa ukitia gesi kidogo sana haitakuwa gesi tena. Nimelitumia. Silioni fahari.

Na bado joto hupotea, au huzaliwa. Kila kitu kina uwezo wake wa kubeba joto, na kikigeuka kuwa kitu kingine kinabaki na nyuzi karibu zilezile huku uwezo ukibadilika. Vumbi linaloletwa na vimondo, regolith, lina uwezo wa 0.2. Likiyeyuka, kwenye nyuzi 1,400 na kitu, linakuwa magma yenye uwezo wa 1. Nyuzi zilezile, joto mara tano. Wapo wanaoyeyusha vumbi hilo makusudi, wanachemshia maji, wanaendesha turbaini. Mimi nilijenga moja, nikaiangalia inafanya kazi, kisha nikaizima kwa sababu nilihisi naiba.

Upande wa pili, turbaini ya mvuke inakula joto. Inameza mvuke wa nyuzi 125 au zaidi na kurudisha maji ya nyuzi 95, na tofauti hiyo inafutika, isipokuwa sehemu kama ya kumi inayobaki kwenye mashine yenyewe. Aquatuner kwa wati 1,200 inahamisha, kwa maji, vizio 585,000 vya joto kwa sekunde. Ukivihesabu kama juli, ni karibu mara 490 ya umeme ulioingia. Kiyoyozi kizuri ninachofunga ukutani kwa mteja kinatoa mara tatu, mara nne. Ningekuwa nayo hiyo ningeshastaafu.

Je, ununue? Kama unataka kujifunza fizikia ya friji, hapana, utatoka umeharibika. Kama unataka mchezo ambao sheria zake, hata zikiwa za ajabu, hazikugeuki katikati ya safari, chukua. Takwimu zote zimo: bofya kitu chochote uone kinaganda wapi, kinachemka wapi, kinabeba joto kiasi gani. Nilichelewa kubofya kwa sababu nilidhani nayajua.

Shamba langu sasa liko nyuzi 24. Ule mzigo wa barafu uliobaki niliupeleka kwenye tangi, wakazi wanaunywa.