Feni ya hita inavuma namba nne tu: pima kabla hujanunua blowa

Karibuni tena wadau. Leo mezani nina rezista mbili za blowa, yaani motor na feni yake inayopuliza hewa ya hita: moja mpya ya dukani, nyingine mtumba wa Japani. Gari ni hili hapa nyuma yangu, Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, yenye vitufe vya hita vya kuzungusha kwa mkono. Mwenyewe yuko Njombe, na kule mwezi wa saba baridi ya alfajiri si mchezo. Kioo cha mbele kikishashika ukungu na feni haipulizi, barabara huioni. Kwa hiyo tusichukulie hita kuwa ni starehe tu.

Sikilizeni. Namba moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, kimya. Nne... mmeisikia? Inavuma vizuri kabisa. Ameshaambiwa blowa imekufa, atafute nyingine. Mimi nasema asinunue kwanza.

Motor iliyokufa haichagui namba. Ukiweka nne, umeme unaingia kwenye motor bila kupunguzwa. Ukiweka namba za chini, unapitishwa kwanza kwenye rezista, ndiyo inayopunguza nguvu ili feni izunguke taratibu. Njia ya rezista ikikatika, unabaki na nne peke yake. Dalili hii ukiiona, anza na rezista, maana bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na motor nzima.

Tunaifikia hivi: unatoa droo ya dashibodi upande wa abiria, unachungulia ndani. Lile duara kubwa linaloangalia chini ndiyo blowa. Rezista iko jirani yake, imeshikwa na skrubu mbili. Zima gari kabisa, na kama feni ilikuwa inafanya kazi subiri rezista ipoe, itakuunguza vidole.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaziona hizi springi za waya? Hizo ndizo rezista zenyewe, zote nzima. Sasa tazameni hiki kidude kidogo hapa katikati: ni fyuzi ya joto. Kazi yake ni kukata umeme springi zikipata moto kupita kiasi. Naweka maltimita, kipimo chetu cha umeme, huku na huku... hakuna mawasiliano. Imekata. Halafu geuzeni macho kwenye plagi. Matundu mengine ni meupe, hili moja limekuwa la kahawia na plastiki yake imevimba. Hapo pini ilikuwa imelegea, ikawa inapata moto miaka na miaka.

Wengi wakifika hapa wanafunga rezista nyingine na kuondoka, na baada ya muda wanarudi na tatizo lile lile. Jiulize kwanza kwa nini fyuzi ilikata. Rezista imewekwa ndani ya njia ya upepo makusudi. Chukua mfano: ampea 4 zikipita kwenye ohm 2, hapo kuna wati 32 za joto, kwenye kitu kinachoenea kiganjani. Kinachoipoza ni upepo wa feni yenyewe. Bushi za motor, yaani vipete vinavyoshika mhimili wake, zikikauka, motor inakuwa nzito, inavuta umeme mwingi na inapuliza upepo kidogo. Joto linapanda huku upoozaji unashuka. Majani, vumbi la miaka yote na viota vya panya vinafanya hayo hayo.

Kwa hiyo motor lazima ishuke. Ni skrubu tatu, tumemaliza. Izungusheni kwa mkono hivi: nzuri inaendelea kuzunguka kidogo ukiiachia. Hii inasimama papo hapo, na mnasikia inakwaruza. Tumetoa majani makavu, tumesafisha na kutia tone la oili kwenye bushi. Sasa inateleza. Ukitaka kupima ampea, tumia mita ya kubana waya. Maltimita nyingi mwisho wake ni ampea 10, na blowa kwenye nne inaweza kuzidi hapo.

Kama yako haivumi namba yoyote, hiyo ni kesi nyingine. Anza na fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), kisha pima volti kwenye plagi ya motor, mita ikigusa pini zote mbili. Nasisitiza zote mbili, kwa sababu kwenye Toyota nyingi za zamani swichi iko upande wa hasi. Testa, ile taa ya kupimia umeme, ukiigusisha pini ya chanya tu itawaka hata kama njia ya kurudi imekatika, na wewe utalaumu motor bure. Volti 12 zipo na haizunguki? Igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya motor zimeisha.

Turudi kwenye rezista zetu. Mpya inang'aa, lakini nikichomeka pini zake kwenye plagi zinacheza, na mmeona pini iliyolegea inafanya nini. Waya wa springi zake pia ni mwembamba kuliko wa mtumba. Mtumba una vumbi, ila pini zinakamata, hazina alama ya kuungua, na fyuzi ya joto inapitisha. Nachagua mtumba, na plagi iliyoungua tunaikata na kufunga nyingine. Ukienda dukani nenda na ya zamani mkononi, na usilipe kabla hujaipima.

Jambo moja linaniumiza sana: kuunganisha kipande cha waya mahali pa fyuzi ya joto. Feni itafanya kazi, ndiyo, lakini umeondoa kinga ya moto nyuma ya dashibodi, na watoto wako wamekaa humo. Ukitaka kubadilisha fyuzi peke yake, tafuta ya nyuzi joto zile zile zilizoandikwa, na uibane kwa kibano badala ya kuichomelea kwa risasi, maana joto la kuchomelea linaweza kuikata kabla haijafungwa.

Haya, tunawasha. Moja... mbili... tatu... nne. Zote zipo.

Wenye magari ya AC ya otomatiki, ile ya kuchagua nyuzi joto kwenye kioo kidogo, msikimbilie rezista hii. Nyingi za kwenu zinaongozwa na transista, kifaa cha kielektroniki kinachorekebisha umeme wa motor, iliyokaa juu ya kipoozeo cha alumini, na upimaji wake ni tofauti. Tutaifungua kwenye video yake.