Milgram au Hofling: utafiti upi uwafae wanafunzi wa uuguzi Tabora?

Mwalimu wa uuguzi hapa Tabora anayetaka kufundisha kuhusu utii ana tafiti mbili za kuchagua.

Wa Stanley Milgram, ulioanza 1961 Chuo Kikuu cha Yale, ndio maarufu. Wanaume 26 kati ya 40 walibonyeza swichi hadi volti 450, wakiamini wanampiga mtu shoti, kwa kuwa msimamizi aliwaambia waendelee. Umeme wenyewe haukuwepo. Ila hiyo ni maabara, na mwanafunzi atasema upesi, "Mimi siwezi."

Wa Charles Hofling, 1966, unaingia wodini kabisa. Daktari asiyejulikana anapiga simu, anaagiza miligramu 20 za dawa ambayo lebo yake inasema mwisho ni 10 kwa siku. Wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa tayari kuitoa, wakazuiwa njiani. Muuguzi wa zamu pale hospitali ya Kitete hahitaji kuelezwa uzito wa simu ya daktari wakati mgonjwa anasubiri.

Mimi ningeanza na Hofling, lakini nisingemwacha peke yake. Mwaka 1977 watafiti Rank na Jacobson walirudia jaribio lake kwa Valium, dawa inayofahamika, na wauguzi wakaweza kushauriana: 2 tu kati ya 18 walikubali. Darasa likae hapo kwa muda mrefu. Na hapo ndipo Milgram anaporudi kuwa na faida, maana kwake pia, mshiriki alipoona wenzake wawili wakigoma, ni 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho.