Pinboli used: moja nimenunua dukani, nyingine mkononi kwa mtu, nawapa nilichokiona

Wakuu habari zenu. Kila nikiweka status ya zile mashine zangu mbili kule besimenti naulizwa maswali yaleyale, umenunua wapi, bei gani, dukani au kwa mtu, haziharibiki? Ngoja niyamalize leo. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Illinois vitongoji vya Chicago, na mashine zenyewe ni pinboli, ile ya mpira wa chuma unaoupiga na flipa mbili za chini (vile vibao vinavyoruka ukibonyeza vitufe vya pembeni), kioo juu, taa na kengele kibao. Ya kwanza nilinunua duka linalouza mashine za michezo used, ya pili kwa mzee mmoja Indiana ambaye gereji yake ina pinboli 11 na gari lake linalala nje. Nyumbani tungesema moja nimechukua yadi na nyingine mkononi kwa mtu, na kiukweli habari ni ileile ya magari, aliyewahi kuuziwa gari lililopigwa polish vizuri atanielewa haraka.

Kwanza mjue kwa nini huku ziko nyingi. Chicago ndiyo nyumbani kwa hizi mashine, Gottlieb, Bally, Williams wote walikuwa hapa, na Stern mpaka leo wanatengeneza Elk Grove Village. Kwa hiyo eneo hili kuna wazee ambao ukiwagusa wanakueleza waya wa rangi gani unaenda wapi bila kufungua mchoro. Halafu Williams walifunga kabisa kitengo cha pinboli 1999, ndiyo maana za miaka ya 90 bei yake inapanda, hazitengenezwi tena isipokuwa chache zilizorudiwa. Mpya za Stern zile za daraja la chini kabisa zinacheza kwenye dola 7,000, basi wengi wetu tunabaki kwenye used.

Sasa duka. Niliingia pale natafuta mashine moja tu, Fish Tales, Williams wa 1992. Mtu aliyekulia Tanga anasikia harufu ya ngalawa kila asubuhi halafu anakutana na mashine ya uvuvi, juu ya kichwa chake, lile boksi la wima la nyuma lenye displei na bodi, kuna samaki mkubwa anayetikisa mkia, na mpira hauufyatui kwa kuvuta fimbo bali kuna mpini wa fimbo ya kuvulia samaki unaminya kitufe chake, jamani mimi nilishauziwa kabla muuzaji hajafungua mdomo. Dola 5,600 pamoja na kuletewa nyumbani. Waliniambia imeshopiwa, ndilo neno lao huku, maana yake imefunguliwa, imesafishwa, imewekwa raba mpya na balbu mpya. Ilikuwa inang'aa kweli. Waranti siku 30.

Nawapa haki yao, siku ya kuleta walikuja vijana wawili na kigari cha kupandia ngazi, mashine ya kilo 120 na ushee ikashuka besimenti bila kugusa ukuta, wakaifunga miguu, wakaipima ulalo kwa kipimo mpaka ikakaa digrii 6 na nusu, wakacheza mpira mmoja mmoja wakaondoka. Kwa mtu ambaye hajawahi kuibeba hiyo peke yake ina thamani, mgongo hauna spea.

Wiki ya kwanza raha tupu. Ila kila asubuhi nikiwasha, kabla ya kitu chochote, displei inaandika kwamba imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na rekodi za wanangu za jana zimefutika zote. Mimi nikadhani ndivyo zilivyo. Wiki ya tatu taa za upande wa kulia zikazima zote kwa pamoja na flipa ya kulia ikawa inanyanyuka kivivu, mpira haufiki hata nusu ya rampu. Nikafungua kichwa mwenyewe na tochi ya simu.

Hapo ndipo nilipojifunza pinboli. Kwenye bodi kuu kuna kishikizo cha betri tatu za kawaida, hizi za rimoti, kazi yake ni kutunza saa, rekodi na mipangilio umeme ukizimwa. Zile betri zilikuwa zimepitisha tarehe miaka mingi, mbili zimetoa ule unga mweupe wenye ukijani, na betri zikivuja maji yake yanashuka kwenye bodi yanakula njia za shaba taratibu. Duka lililobadilisha raba zote na kupaka nta uwanja mzima, yaani ule ubao mpira unapochezea, halikubadilisha betri za dola tatu! Nikashuka kwenye bodi ya umeme, plagi inayopeleka taa za jumla ilikuwa kahawia, plastiki yake imekauka ukiigusa inavunjika kama mkate uliounguzwa, na pini mbili kuna mtu alishachoka akalehemu waya moja kwa moja kwenye bodi. Huu ugonjwa ni wa kawaida kwa Williams za miaka ya 90, balbu za zamani kila moja inavuta kama robo ampea, ziko nyingi, umeme wote unapita kwenye vijipini vidogo vinapata moto miaka 30. Ugonjwa sio kosa la duka. Kosa ni kuuona ukauficha, au kutofungua kabisa, na aliyelehemu ule waya alikuwa ameuona.

Nikawapigia. Fundi alikuja baada ya siku 9, kijana mpole anajua kazi, akaweka plagi mpya na pini mpya, akaondoa ule waya, betri akazihamishia kwenye kikasha kinachoning'inia mbali na bodi. Flipa akasema hiyo ni uchakavu, haimo kwenye waranti. Nikaifungua mwenyewe, kile chuma kinachoingia ndani ya koili (waya uliosokotwa unaokivuta kwa sumaku) ncha yake ilikuwa imepanuka kama msumari uliogongwa miaka, kinakwama kwenye mrija wake wa plastiki. Seti nzima ya kuifanya upya niliagiza, ilinichukua jioni moja na mwanangu wa miaka 12 akinishikia tochi, na flipa ikarudi na nguvu mpaka samaki akaanza kutikisika kila rampu. Jioni ile ndiyo iliyonifanya niende kwa mtu binafsi mara ya pili, kwa sababu niliona hivi vitu vinafunguka, na kinachotakiwa ni mtu wa kukuambia ukweli.

Mzee wa Indiana nilimpata Facebook Marketplace. Anauza Harlem Globetrotters, Bally wa 1979, anataka dola 2,300. Mimi wale Globetrotters nina mapenzi nao, timu ya kikapu ya watu weusi iliyoanzia Chicago hukohuko miaka ya 1920, mashine imechorwa wachezaji wao kwenye kioo cha kichwa, ukiwasha taa nyuma yake sebule nzima inabadilika. Nikaendesha saa moja na nusu.

Alichofanya yule mzee duka halikufanya. Sijakaa vizuri, ametoa kioo, ametoa mpira, ameinua uwanja wa mashine ukasimama, tumbo lote nje, akanipa tochi akasema angalia unavyotaka mimi naweka kahawa. Kisha akafungua kichwa akawasha, akaninyooshea kidole kwenye kitaa kidogo chekundu cha bodi, tukahesabu wote, kinaanza na mmweko mfupi halafu kinawaka mara saba. Mashine za Bally za kipindi kile zinajipima zenyewe, kila mmweko ni sehemu moja ya bodi imepita, ikikwama kwenye wa nne unajua uanze kutafuta wapi. Ile betri ya asili iliyolehemewa bodini, ambayo ndiyo muuaji mkuu wa bodi hizi, aliikata zamani na bodi ni safi, ile sehemu iliyowahi kuguswa na maji ya betri akanionyesha bila kuulizwa, na njia mbili za shaba alizozirudishia kwa waya mwembamba uliolala sawasawa.

Na daftari. Mzee ana daftari la shule, kila mashine ina kurasa zake, tarehe, fyuzi gani iliungua, koili gani imebadilishwa, namba ya spea. Ya Globetrotters ilianza siku aliyoinunua na ukurasa wa mwisho umeandikwa kwamba displei ya mchezaji wa tatu inafifia ikipata moto. Nikamwomba anipunguzie kwa hiyo displei, akakubali 2,100 keshi, na daftari akazichana kurasa zake akanipa. Ninazo, zimo kwenye bahasha ndani ya kimlango cha sarafu.

Hasara za kwa mtu zipo, nazisema. Waranti hakuna, ukitoka getini ni yako. Kubeba ni juu yako, nilikodi gari la mizigo nikaenda na rafiki yangu Mkenya, na za 1979 kichwa hakikunjwi kama cha Fish Tales, unafungua boliti unachomoa plagi zote unakitoa kizima, mzee alikuwa ameshazibandika plagi zake tepu zenye namba, bila hivyo ningekesha. Toeni mipira kwanza kabla hamjainamisha mashine, mpira wa gramu 80 ukirukaruka ndani njia nzima unaharibu uwanja. Na sio kila mtu binafsi ni yule mzee. Kabla yake nilienda kwa jamaa mwingine anajiita mpenzi wa pinboli, nikamwomba anyanyue uwanja akasema haina haja inafanya kazi, nikashukuru nikaondoka. Kuna mwingine hata mashine hana, ana picha za kuiba na anataka dola 300 za kukushikia. Mwambie akupigie picha mashine ikiwa imewashwa na karatasi yenye tarehe ya leo juu ya kioo, kama ni tapeli utaona anavyopotea.

Kwa anayetaka kununua popote pale, mimi sasa nafanya hivi. Nafika mashine ikiwa imezimwa na imepoa, namwomba mtu asiiwashe kabla sijaja, kwa sababu kuna kasoro zinajificha mashine ikishapata moto na nyingine zinajitokeza ndipo. Naanza kichwani kwa betri na plagi za kahawia, harufu ya kuungua pia usiidharau. Kisha fyuzi, moja moja, nasoma namba yake nalinganisha na iliyoandikwa, mtu akiweka fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa ujue anaficha shoti. Kwa Williams za 90 angalia displei inapoandika krediti, kukiwa na nukta ndogo baada ya namba basi mashine yenyewe inakuambia kuna swichi haiioni, fungua kimlango cha sarafu uingie kwenye menyu ya majaribio ikusomee ni ipi. Hapohapo jaribu koili zote na taa zote, ni dakika kumi. Uwanja uangalie pembeni mwa mashimo na mbele ya flipa, rangi ikishafika kwenye mbao hiyo haipakwi kwa wikiendi moja. Na tafadhali mkono usiingie ndani mashine ikiwa kwenye umeme, displei za Bally za zamani zinabeba karibu volti 190.

Wanaoniuliza kupeleka nyumbani Bongo, umeme sio kizuizi, transfoma za mashine nyingi zina njia ya 115 na ya 230, ni kubadilisha miunganiko, fundi anayejua kusoma mchoro anaweza. Mimi ningeogopa zaidi hewa ya chumvi kwa wa pwani, swichi zake ni vyuma vyembamba vilivyo wazi, na kontena likae bandarini muda gani hujui.

Kwa hiyo mtu wangu wa karibu akiniuliza leo namwambia aende kwa mtu, ila kwa mtu anayenyanyua uwanja. Pale dukani nililipa zaidi nikadhani nimenunua ukaguzi, kumbe nimenunua usafi na usafiri. Kama unaishi ghorofani, huna wa kukusaidia kubeba na hutaki kushika bisibisi kabisa, duka ni sawa, lakini waambie wafungue kichwa mbele yako kabla ya kadi haijatoka mfukoni, na uandikiwe kwenye risiti kwamba flipa zimo kwenye waranti, maana ndicho kitu cha kwanza kuchoka. Wakikataa mashine ziko nyingi, kila Oktoba kuna Pinball Expo hapa maeneo ya Chicago, wanafanya tangu 1985, wazee wa daftari wanajaa pale na wengine wanauza.

Globetrotters ina miezi 14 kwangu sasa. Imeunguza fyuzi moja na ile displei ya mchezaji wa tatu nimeibadilisha mwezi uliopita, nimeandika yote kwenye zile kurasa chini ya mwandiko wa mzee. Nilimtumia picha, akanijibu nikague na plagi ya kichwani iliyo karibu na displei hiyo maana na yeye iliwahi kumlegea, nikakagua, kweli ilikuwa imelegea.