Nilionyeshwa Sinki kwa Kidole

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na huenda baada ya siku mbili nikajuta, lakini mgahawa uliofunguliwa hivi karibuni hapa Tanga, ufukoni kwenye njia ya Raskazone, pale pale ulipokuwa mgahawa wa ujana wetu, hautapata sifa kutoka kwangu. Jina lao silitaji. Na wao wamelifuta la zamani ukutani wasibakishe hata herufi moja.

Tulifika watu wanne, Jumapili moja baada ya alasiri. Nilipoketi nilikunja mikono ya shati nikangoja, kwa sababu ndivyo tulivyozoea mahali pale. Enzi zile hujaagiza kitu, mhudumu tuliyemwita Mjomba amekwisha kufika na birika la maji ya vuguvugu, bakuli la kunawia na taulo begani, akianzia kwa mkubwa wa meza na kumalizia kwa mtoto, huku akiuliza hali za wote waliobaki nyumbani. Safari hii alikuja kijana, akaitazama mikono yangu iliyokuwa imening'inia juu ya meza, na bila hata shikamoo akaniambia, "Sinki liko kule, mzee," kidole kikielekea nyuma ya jiko na macho yakiwa kwenye simu. Mke wangu alinibana goti chini ya meza, maana ananijua.

Nikainuka, nikaenda. Sabuni ilikuwa imekwisha.

Najua wako watakaosema kwamba mzee mzima amekasirishwa na sinki. Kwetu sisi kunawishwa ndiko kulikokuwa kukaribishwa kwenyewe. Meza zile walizikalia makarani wa bandari, mafundi wa reli, watu wa kiwanda cha mbolea, na wazee waliofanya kazi mashambani wakati mkonge ulipokuwa na thamani, ambao hawakuchoka kutukumbusha kwamba mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 na kwamba kamba za nailoni ndizo zilizotumaliza. Birika lilikuwa moja tu, na bwana mkubwa wa gati alinawishwa maji yale yale aliyonawishwa kuli wake. Jumamosi jioni zilipigwa santuri za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na wasiopenda dansi wakidai taarab ya Black Star, mpaka ikabidi ugomvi uamuliwe kwa zamu, kila kundi upande mmoja wa santuri. Mbele yetu matishari yalikwenda na kurudi kati ya gati na meli zilizotia nanga ghubani, kwa kuwa maji ya gatini yalikuwa haba kwa meli kubwa, nasi kwa kuyahesabu tu tulijua kama wiki ile makuli watakuwa na fedha au watakula kwa mkopo. Siku hizi gati limechimbwa hadi kina cha mita 13 na meli zinafunga zenyewe. Ni jambo jema kwa mji, ila aliyeketi pale hana tena cha kuhesabu.

Kiwanda cha mbolea kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wateja wa mwisho wa mwezi walipungua, madeni yakaongezeka, na mwaka mmoja baada ya masika tukakuta kufuli mlangoni. Mjomba nilikutana naye mara moja tu baadaye, katika soko la Mgandini, akanishika mikono yote miwili kabla hata ya kunijibu salamu.

Hata hivyo lazima niseme ukweli: changu wa kupaka waliotuletea Jumapili ile alikuwa mzuri kuliko hasira zangu zilivyostahili, tui zito, ndimu imekolea, na alifika akiwa moto. Katika mgahawa wetu samaki alichukua saa mbili, choo kilikuwa cha kuogofya, na Mjomba huyo huyo ninayemlilia aliwahi kunidai soda tatu mbele ya binti niliyekuwa namposa. Kwa hiyo nyota moja niliyokwisha kuiandika nikaifuta, nikaweka tatu.

Kisha nikaenda kulipa. Kwenye rafu nyuma ya mtunza fedha lilikuwa limewekwa birika limebonyea ubavuni, limejazwa maua ya plastiki. Siwezi kuapa kwamba ndilo, kwa kuwa mabirika yaliyobonyea ni mengi mjini, lakini nilimwuliza yule binti bei yake. "Ni pambo tu, baba, haliuzwi," alinijibu, na yeye angalau alisema baba.

Nimerudisha nyota moja, na hiyo ni ya mpishi.