Beeper: orodha moja kwa mazungumzo yote

Mtu anayepatikana kupitia WhatsApp, Telegram, Signal, Instagram, LinkedIn na ujumbe wa kawaida wa simu hakosi mawasiliano. Kinachomsumbua ni kukumbuka nani alimwandikia wapi. Anajua fika kwamba alitumiwa anwani au tarehe ya kikao, lakini hulazimika kupekua programu nne kabla ya kuipata. Programu ya Beeper ilibuniwa kwa ajili ya usumbufu huo hasa, na kwa sehemu kubwa inauondoa. Hukusanya mazungumzo ya mitandao hiyo katika orodha moja inayofuata muda, na jibu unaloandika humo humfikia mwenzako kupitia mtandao uleule alioutumia, bila yeye kulazimika kusakinisha chochote wala kujua kwamba unatumia programu nyingine.

Kinachonivutia zaidi ni utafutaji. Ukiandika jina au neno unalolikumbuka, unaletewa mazungumzo kutoka mitandao yote uliyoiunganisha, na kwa mtu anayefanya kazi na wateja wengi hilo pekee linatosha kuihalalisha programu hii. Kuna pia utaratibu wa kuyaondoa kwenye orodha mazungumzo yaliyokwisha, yakabaki yale tu yanayongoja jibu, na ujumbe mpya ukiingia mazungumzo husika hurudi yenyewe. Mtu aliyezoea kusafisha kikasha chake cha barua pepe ataona kwamba tabia ileile sasa inawezekana kwenye jumbe za papo kwa papo.

Programu hii ilitangazwa mwaka 2021 na Eric Migicovsky, mwasisi wa saa janja za Pebble, ikiwa imejengwa juu ya Matrix, itifaki huria ya mawasiliano, yaani kanuni za wazi za kubadilishana jumbe. Mwaka 2024 ilinunuliwa na Automattic, kampuni inayomiliki WordPress.com, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imenunua Texts, programu yenye lengo hilohilo. Wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza Desemba 2023, pale Beeper Mini ilipowawezesha watumiaji wa Android kutuma jumbe za iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple, na Apple ikaiziba njia hiyo ndani ya siku chache. Tukio hilo lapaswa kukumbukwa na kila anayefikiria kuitegemea Beeper kikazi, kwa sababu inaishi juu ya mitandao isiyo mali yake, na mwenye mtandao akibadilisha mitambo yake, muunganisho uliokuwa ukifanya kazi jana unaweza kukatika leo.

Kuhusu faragha, hali imekuwa bora kuliko ilivyoanza. Zamani jumbe zilipitia seva za Beeper, ambako usimbaji fiche, yaani kufuli linalozuia wengine kuusoma ujumbe, ulifunguliwa na kufungwa upya, jambo lililowafanya watu makini wasite kuunganisha Signal. Tangu Julai 2025 miunganisho mingi hufanyika ndani ya kifaa chako mwenyewe. WhatsApp huunganishwa kama kifaa cha ziada, hivyo Beeper huchukua nafasi moja kati ya nne zinazoruhusiwa.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo sifa za programu hii hulifunika. Mtandao ambao mtu anautumia kukufikia ni taarifa kwa wenyewe: wa LinkedIn kwa kawaida anaweza kungoja hadi kesho, ilhali anayekuandikia Signal huenda ni mmoja wa watu wachache uliowapa nafasi hiyo kwa makusudi. Katika orodha moja tofauti hiyo hubaki kuwa alama ndogo tu kando ya picha, na kikundi chenye kelele husimama bega kwa bega na ujumbe wa mzazi wako. Kwa hiyo ningeshauri kwamba kazi ya kwanza baada ya kusakinisha iwe kunyamazisha vikundi na kubandika juu watu wanaohitaji kujibiwa mapema, na kwamba mitandao usiyodaiwa majibu ya haraka isiunganishwe kabisa. Kwa mtazamo huo, ukomo wa idadi ya akaunti unazoweza kuunganisha katika toleo la bure hauniudhi hata kidogo. Toleo la kulipia huongeza vikumbusho, kutuma kwa saa uliyoipanga na kusoma bila kuonyesha tiki za bluu; la mwisho hilo, nadhani, ndilo litakalowauza wengi.

Barua pepe haimo, na simu za sauti na video bado hupokelewa katika programu zake za asili, kwa hiyo hizo haziwezi kufutwa. Matokeo yake ni kwamba ujumbe mmoja huweza kukuita mara mbili, kwanza kutoka WhatsApp, kisha kutoka Beeper. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya kila programu ya asili na kuzima arifa za jumbe huku ukiziacha zile za simu, kazi ya kuchosha ambayo hufanywa mara moja tu kwa kila mtandao.